Wani ya 11, D ya Hesabu: kisa cha binti wa Historia aliyekwenda CBG

Matokeo ya Kidato cha Nne yalitoka Januari 2022. Wiki haijaisha, baba mmoja akapiga hodi kwangu jioni, mkononi ana karatasi aliyochapishiwa steshenari. Anauza vipuri vya magari karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro, na vidole vyake vilikuwa bado na grisi, kwa hiyo aliishika ile karatasi kwenye pembe tu asiichafue. Uraia A, Historia A, Kiswahili A, Kiingereza A, Biolojia B, Jiografia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati D. Jumlisha saba bora: pointi 11, na pointi chache ndizo bora, divisheni wani.

"Mwalimu, hebu niambie. Huyu si daktari huyu?"

Binti mwenyewe alikuwa nyuma yake. Aliniamkia, akanyamaza. Nilimfundisha Jiografia Kidato cha Kwanza na cha Pili kabla sijahamishwa shule, kwa hiyo tulikuwa tunafahamiana. Kwenye Selform, fomu ya machaguo aliyojaza kabla ya mtihani, chaguo la kwanza la kombi, yaani yale masomo matatu ya Kidato cha Tano na cha Sita, aliandika HKL. Baba hakulijua hilo mpaka jioni ile. Alipolisikia alikaa kimya kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini: "Historia, Kiswahili na Kiingereza. Na hii wani?"

Muda tulikuwa nao. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua dirisha la kubadili machaguo baada ya matokeo, na lilikuwa bado. Nikamwomba baba aniachie binti jioni chache, tuzisome alama kwanza kabla ya kuchagua chochote. Ninachoandika hapa ndicho kilichotokea tangu jioni zile, pamoja na pale nilipokosea mimi.

Alama zenyewe

Watu husahau kwamba C ya Kidato cha Nne ni pana mno. Inaanzia 45 inaishia 64. Mtoto aliyepata 46 na mwenziwe aliyepata 63 wote wanarudi nyumbani na C, na hakuna anayeuliza zaidi. Nikamwambia binti alete alama za moku ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, maana zile huandikwa kwa namba. Biolojia 71, Kemia 58, Fizikia 47, Hisabati 36. Kumbe zile C mbili kwenye karatasi ya baba hazikuwa za aina moja. Ya Kemia ilikuwa na nafasi ya kupumua. Ya Fizikia ilikuwa imeshika ukingo wa ukuta kwa kucha, na huku chini yake kuna Hisabati ya 36 ambayo isingeweza kuishikilia.

Na kwa nini alisoma Fizikia? Hili nalo ni la kuuliza. Shuleni kwao aliyefanya vizuri mtihani wa Kidato cha Pili alipelekwa mkondo wa sayansi apende asipende, na mkondo wa sanaa wakaenda waliobaki. Mtindo huo nimeukuta shule zaidi ya moja. Wakati ule Historia, Jiografia, Kiswahili na Biolojia yalikuwa lazima kwa wote hadi Kidato cha Nne, kwa hiyo mtoto wa aina hii hakukosa anachokipenda; aliongezewa tu Fizikia na Kemia juu yake. Alifika mwisho hajui kama Fizikia aliichagua au ilimwangukia.

Hesabu za baba

Sitaki mtu amcheke yule baba, kwa sababu hesabu zake zilikuwa na msingi. Kwa miaka mingi Bodi ya Mikopo imetanguliza kozi za tiba, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Ajira za walimu zinapotangazwa, wa Fizikia na Hisabati hutafutwa, wa Historia huambiwa wasubiri. Mtaani kwao kuna binti mwenye shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili, mwaka wa nne huo anasaidia duka la shangazi yake. Baba anampita kila asubuhi. Ukimwambia mtu huyo kwamba "mtoto afuate anachokipenda", unamwambia kitu ambacho hawezi kukipeleka sokoni.

Kosa la hesabu zake lilikuwa kwingine. Kwake sayansi ni kitu kimoja: ukiwa ndani uko ndani, ukiwa nje uko nje. Walimu wengi wanafikiri hivyohivyo, na hata binti alifikiri hivyo. Nilipomuuliza kwa nini HKL, hakuniambia anaipenda. Aliniambia, "Mwalimu, si ndiyo ya watu wa lugha?" Yaani kila mmoja kati yao alikuwa amesimama upande mmoja wa mstari, na hakuna aliyeangalia mstari wenyewe umechorwa na nani.

Jioni tatu na moja ya ziada

Niliazima vitabu vya Kidato cha Tano kwa kijana wa jirani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kila jioni somo moja, sura moja ambayo hajawahi kuisoma, saa moja na nusu ya kusoma peke yake, kisha swali. Jibu lake halikunisumbua sana. Nilitaka kuona anafanya nini akikwama. Aliyekwama hupapasa, na anapopapasia ndipo unapomjua.

Jioni ya kwanza Fizikia, mwendo wa kitu kilichorushwa kwa pembe. Alichora vizuri, akaandika fomula, akaweka namba, likatoka jibu ambalo lingemaanisha jiwe limerushwa Msamvu likaangukia Mikumi. Akaliangalia. Akafunga kitabu taratibu, akakinyoosha jalada, akaniuliza kama amsaidie mama kuandaa chai.

Jioni ya pili Biolojia, nadharia za mabadiliko ya viumbe. Hapo nilipata mtu mwingine kabisa. Kitabu kilimweleza Lamarck kwa nusu ukurasa, kama mtu aliyekosea, kisha kikakimbilia kwa Darwin. Yeye hakutaka kukimbia. "Mwalimu, huyu Lamarck ameandika 1809, Darwin 1859. Hiyo miaka hamsini watu walikuwa wanaamini nini? Na kwa nini waliona ina maana?" Aliandika kurasa tatu. Kwanza alimtetea Lamarck kama wakili, akaeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu angemwamini, halafu akaanza kumbomoa hoja kwa hoja. Alipokwama kwenye urithi wa sifa, alichukua kitabu kingine bila kuambiwa.

Kurasa zile tatu zilinikumbusha jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi mapema. Biolojia ya advansi, yaani ya Kidato cha Tano na cha Sita, ni somo la insha. Kuna vitendo, kuna kupasua mende na kuchora ulichokiona, lakini karatasi ya nadharia inakutaka ueleze, ulinganishe, ujenge hoja, na yote kwa Kiingereza. Nimewaona vijana wakali wa hesabu wakianguka pale kwa sababu kila jibu lao ni mistari minne. Kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya ugumu wa somo lile ni lugha. Binti mwenye A ya Kiingereza anaingia mle na silaha ambayo nusu ya darasa hawana.

Jioni ya tatu Kemia, haidrokaboni na namna ya kuzipa majina. Alisoma, akajibu, mwandiko mzuri, hakuuliza swali hata moja. Kwenye daftari langu niliandika: "Kemia: hakukwama." Nikafurahi. Nitairudia sentensi hiyo mbele, maana ilitugharimu.

Jioni ya ziada haikupangwa. Alikuja kurudisha vitabu, tukakaa barazani, akaniuliza kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wa mwaka 1947 hadi 1951. Kitabu chake cha Historia kiliueleza kwa aya moja chini ya kilimo cha kikoloni: ulishindwa, ukaigharimu serikali ya Uingereza mamilioni ya pauni. Nikamwambia nilichokijua. Kwamba vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa vichaka. Kwamba udongo wa Kongwa una mfinyanzi, mvua ikikatika na jua likawaka unakuwa kama sakafu ya saruji, na mchanga mkali uliomo ndani yake ukamaliza meno ya mashine. Karanga hukomaa chini ya ardhi; ardhi ikijifunga, huzitoi.

Alikaa kidogo. "Sasa Mwalimu, udongo unajifungaje? Mfinyanzi unafanya nini mpaka unakuwa hivyo? Na kwa nini hakuna aliyeupima kwanza?"

Lile swali la mwisho ni la Historia. La kwanza na la pili ni ya Jiografia, Kemia na Biolojia ya udongo. Ameuliza yote kwa pumzi moja, bila kujua kwamba shuleni yamewekwa kwenye vyumba tofauti. Nikasema moyoni, huyu hapa.

Kombi mezani

EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, tuliitupa mara moja. Inabeba Hisabati ya advansi na yeye ana D. HGE ilikaa mezani siku mbili: Historia, Jiografia na Uchumi, na pembeni BAM, ile hisabati ndogo ya wasiosoma Hisabati ya advansi. Si mbaya, na leo huwa naipendekeza zaidi kuliko nilivyofanya wakati ule. Ila binti alisema uchumi haujui na hataki kujifunza kitu kipya kabisa kwa sababu tu kina jina zuri. Nilimwelewa.

PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, ilichukua muda zaidi kwa sababu ya baba. Kwa alama, PCB angepangiwa: B, C, C zinatosha. Na ni kweli kwamba hakuna kuingia udaktari wa shahada moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita bila Fizikia ya advansi; ukiiacha Kidato cha Tano umeiacha njia hiyo. Hilo nilimwambia baba wazi, sikulipaka asali. Lakini nilimwambia na lingine ambalo hakuwahi kuelezwa: vyuo vya afya vya ngazi ya stashahada vinaangalia ufaulu wa Kidato cha Nne katika Kemia, Biolojia na Fizikia, na mtoto wake alikuwa tayari anao huo ufaulu wote. Kama siku moja roho yake itageukia hospitali, mlango wa utabibu uko pale, ameshaulipia. Hakuna haja ya kumlaza miaka miwili na Fizikia inayomfanya afunge kitabu akachemshe chai. Baba aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akauliza matabibu wanalipwaje.

HKL nayo nisiionee. Ingempa alama nzuri, pengine wani nyingine, na mwenye wani ya HKL anaingia kozi nyingi nzuri, sheria ikiwemo. Kama angeniambia anataka kuwa mwanasheria, au mwandishi, au mtafsiri, ningesimama naye mbele ya baba mpaka mwisho. Hakuniambia hivyo. Aliichagua kama mtu anavyochagua kiti kilicho karibu.

Ikabaki CBG. Kemia, Biolojia, Jiografia, na juu yake BAM na General Studies. Jiografia ya advansi ina nusu mbili: ya kwanza miamba, tabianchi, udongo, ramani na takwimu, ya pili watu, kilimo, viwanda, idadi ya watu, mazingira. Kwa mtu wa Historia ile nusu ya pili ni nyumbani. Biolojia nimeshasema. BAM inatisha mwenye D ya Hesabu, lakini ni somo dogo na haihesabiwi kwenye pointi za divisheni. Unaihitaji uielewe kiasi, si ikuue. Mbele yake kuna kilimo, misitu, wanyamapori, lishe, mazingira, ualimu. Na Jiografia, jambo ambalo watu hawalioni, inakubalika pande zote mbili za ule mstari: ukitaka kurudi kwenye sayansi za jamii chuoni, inakurudisha.

Kemia ndiyo ilikuwa nauli ya safari hiyo. Ana 58 ya moku, nikajiambia, na hakukwama. Atailipa.

Kikao cha mwisho kilikuwa kifupi.

"CBG ni sayansi?" baba akauliza.

"Ni sayansi, mzee wangu."

"Basi. Chuo cha kilimo, SUA, si hapa hapa? Madereva wao wananunua vipuri kwangu."

Nakiri kwamba nililiacha neno "sayansi" lifanye kazi ambayo maelezo yangu yote hayakuifanya. Binti alibadili machaguo dirisha lilipofunguliwa, akapangiwa shule ya bweni ya wasichana mkoa mwingine. Mwaka uleule ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ikafutwa kwenye bajeti ya 2022/23, na baba akaniambia pesa ile ataiweka tuisheni ya Kemia. Sikumuuliza kwa nini ameitaja Kemia. Nadhani yeye alishaona.

Bureti

Matokeo ya muhula wa kwanza: Jiografia 74, Biolojia 61, Kemia 31. Likizo ya Desemba alikuja. Nilipata ruhusa ya kutumia maabara ya shule niliyokuwa nafundisha, mwenzangu wa Kemia akatuandalia vitu: asidi kwenye bureti, mrija wenye vipimo na koki, besi kwenye chupa ya koni, matone mawili ya methili oranji ya kuonyesha kwa rangi pale asidi inapoimaliza besi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, kwa hiyo nilikaa pembeni nikaangalia mikono.

Besi ikawa ya njano. Akafungua koki, asidi ikaanza kushuka, yeye macho yote kwenye rangi. Pale tone linapodondokea panawaka wekundu, unapotea ukitikisa, unarudi, unapotea. Mwenye uzoefu akiona wekundu unaanza kuchelewa kupotea hufunga koki nusu, akaanza kwenda tone kwa tone. Yeye aliendelea kutazama, na ghafla chupa nzima ikawa nyekundu kama juisi ya rosela. Amepita. Akasoma bureti: 24.10. Mara ya pili 25.60. Mara ya tatu 23.30. Vipimo vinavyotakiwa kutofautiana kwa sehemu za kumi, vyake vinapishana kwa mililita mbili na zaidi.

Nikachukua daftari lake. Chini ya jedwali, mahali pa kuandika badiliko la rangi, wenzake huandika maneno matatu. Yeye alikuwa ameandika sentensi mbili kamili za namna wekundu ulivyokuwa ukija na kuondoka, na zilikuwa sentensi nzuri. Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mtoto ameangalia kwa makini kuliko wote, na uangalifu wake haujageuka kuwa namba.

Mkono ulinyooka haraka. Baada ya saa moja alikuwa anapata 24.20, 24.30, 24.20. Tatizo likaja kwenye hesabu ya baadaye. Mwenzangu akamuuliza, "Moli ni nini?" Akataja ile namba, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, bila kupepesa. "Hiyo ni idadi. Moli ni nini?" Kimya. Akaulizwa tena kwa namna nyingine, akarudia ile ile.

Hapo ndipo ile sentensi ya daftari langu ikanirudia. Hakukwama. Bila shaka hakukwama, hakuwa ameingia. Tangu Kidato cha Tatu alikuwa akinakili Kemia kwa mwandiko mzuri na kumbukumbu nzuri, na kumbukumbu ile inatosha kabisa kumpa mtu 58. Kwenye Fizikia alijaribu akashindwa, kwa hiyo nilimwona. Kwenye Biolojia alijaribu akafika, nikamwona. Kwenye Kemia hakujaribu chochote, nami nikaandika kwamba mambo ni shwari. Mwalimu wa miaka kumi na tisa kazini.

Mwenzangu alitoka, akarudi na trei tupu la mayai kutoka kantini. "Hili ni trei. Linachukua mangapi?" Thelathini. "Nikikwambia lete trei mbili za mayai ya kuku na trei mbili za mayai ya kware, idadi ni sawa?" Sawa. "Uzito?" Akacheka. "Basi moli ni trei. Ni trei kubwa sana kwa sababu vinavyowekwa ni vidogo sana." Binti alilishika lile trei kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho mwenzangu amekinukuu darasani mara nyingi tangu siku hiyo: "Kwa hiyo fomula ilikuwa inaniambia nibadilishe uzito kuwa trei. Mbona hakuna aliyesema?"

Huenda walisema. Lakini walisema kwa fomula, na huyu alihitaji kuambiwa kwa maneno kwanza, fomula ije baadaye kama muhtasari. Wapo wanafunzi wanaoanza na fomula na maneno yakawaudhi. Yeye ni kinyume chake, na somo kama Kemia, linalofundishwa kwa haraka ya kumaliza silabasi, halina subira na watu wa kinyume.

Ilivyokwisha

Januari 2023 alipiga simu kwa simu ya matroni akitaka kuhamia HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Shule haikuwa na HGL. Tungeweza kuomba uhamisho wa shule, tukalizungumza, akasema atabaki. Kuanzia hapo Kemia ilipanda polepole, 31, 38, 44, na kila alama iliyopanda ilikuwa imelipiwa na saa za Biolojia. Hili sikuwa nimelipiga hesabu kabisa. Nilidhani somo gumu linaumiza alama zake lenyewe. Kumbe linakula na la jirani: usiku aliokuwa akisoma uratibu wa homoni alikuwa sasa anafanya maswali ya usawa wa kemikali.

Alifanya mtihani Mei 2024, matokeo yakatoka Julai: Jiografia B, Biolojia C, Kemia E. Pointi 10 kwa masomo matatu, divisheni tuu. BAM alipata S, alama iliyo chini ya E. Kwa hesabu za udahili wa chuo, ambako pointi nyingi ndizo bora, ni pointi 8, na zinazotakiwa kwa kawaida ni 4 kutoka masomo mawili, kwa hiyo hakukosa pa kwenda. Anasoma shahada ya jiografia na mazingira. Baba hakuonyesha furaha wala hasira. Alisema tu, "Kutoka wani kwenda tuu," akarudi kwenye vipuri vyake, na nilikaa na sentensi ile wiki nzima.

Je, ilikuwa kombi isiyomfaa? Nimejiuliza mara nyingi na jibu langu halijatulia. PCB ingemvunja, hilo sina shaka nalo. HKL ingempa alama nzuri zaidi, na yeye mwenyewe anasema hivyo, kisha anaongeza kwamba asingejua analotaka kufanya nazo. HGE ndiyo inayonisumbua. Ingemwachia Historia na Jiografia, ingemtoa Kemia, na maswali yake ya Kongwa angeendelea kuyauliza, japo nusu ya udongo angeisoma kwa kutegea sikio. Nikipewa jioni zile tena ningeiweka mezani wiki mbili, si siku mbili. Lakini pia ningefanya jioni ya Kemia mara ya pili, bila kitabu, na swali moja tu: moli ni nini? Kama angekwama Januari 2022, angekuwa na miezi mitano ya kukaa nyumbani akiondoa lile fundo kabla ya kuingia Kidato cha Tano. Miezi ile mitano alishona vitambaa na kusoma riwaya.

Tangu 2024 orodha ya tahasusi, yaani kombi, imerefuka, zimefika 65, na wazazi huja wakidhani tatizo la aina hii limekwisha. Orodha ni jambo jema. Ila mtoto hasomi orodha, anasoma kombi ambayo shule aliyopangiwa ina mwalimu wake na maabara yake, na kabla ya kusifia kombi mpya ni vizuri kuuliza nani anaifundisha na wapi.

Mdogo wake wa kiume yuko Kidato cha Tatu sasa, amepelekwa mkondo wa sayansi na anasema anapenda kuchora. Mwezi uliopita baba yao alimleta mwenyewe, jioni vilevile, vidole vilevile vya grisi. Safari hii hakuja na karatasi. Kwapani alikuwa amebana trei tupu la mayai.

"Mwalimu," akasema, akimsukuma kijana mbele kidogo, "nimesikia huwa mnaanzia hapa."